Mgombea wa Nne Aliyetangazwa Mshindi: Uchaguzi wa Gavana wa Imo wa 2019 na Vituo 388

Tarehe 11 Machi 2019, mjini Owerri, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya Nigeria, inayojulikana kwa kifupi kama INEC, ilimtangaza Emeka Ihedioha wa chama cha PDP kuwa mshindi wa kiti cha ugavana wa jimbo la Imo kwa kura 273,404. Uche Nwosu wa Action Alliance alikuwa wa pili kwa kura 190,364, Ifeanyi Araraume wa APGA alikuwa wa tatu kwa kura 114,676, na Hope Uzodinma wa APC, chama kilichokuwa kikiongoza serikali ya shirikisho, alikuwa wa nne kwa kura 96,458. Ihedioha aliapishwa tarehe 29 Mei akaanza kazi. Tarehe 14 Januari 2020 Mahakama ya Juu, ambayo ndiyo ya mwisho nchini humo, iliamua kwamba aliyeshinda ni yule wa nne, na kesho yake Uzodinma akaapishwa.

Jambo hili limeelezwa mara nyingi kwa namna mbili. Wafuasi wa Ihedioha husema majaji walimpokonya mtu wao ushindi; wafuasi wa Uzodinma husema majaji walimrudishia mwenye mali mali yake. Maelezo yote mawili yanaruka mahali hasa ambapo kesi ilikaa, yaani karatasi za matokeo za vituo 388 vya kupigia kura, na swali la nani alikuwa na wajibu wa kuthibitisha kwamba karatasi hizo zilikuwa za kweli au za kughushi. Ninaamini kwamba mtu akizifuata karatasi hizo kuanzia kituoni hadi mahakamani, ataona kwamba kosa kubwa lilitendeka mapema kuliko wengi wanavyodhani, kabla jaji yeyote hajafungua jalada la kesi.

Kwanza ieleweke kilichokuwa kikigombewa. Msomaji wa Tanzania amezoea mkuu wa mkoa anayeteuliwa na Rais, na wa Kongo amezoea gavana anayechaguliwa na bunge la jimbo. Wa Kenya, tangu 2013, humchagua gavana wa kaunti kwa kura yake mwenyewe. Nigeria iko karibu na Kenya kwa hilo, ila gavana wa Nigeria ana nafasi pana zaidi. Majimbo ni 36, kila moja lina bunge lake na mahakama zake kuu, na kila mwezi hupokea mgawo kutoka mfuko wa shirikisho ambao kwa miaka mingi umejazwa hasa na fedha za mafuta. Imo yenyewe huchimbwa mafuta, kwa hiyo hunufaika pia na ile kanuni ya Katiba kwamba angalau asilimia 13 ya mapato ya maliasili irudi kwa majimbo yanayozalisha. Juu ya hayo, kifungu cha 308 cha Katiba ya 1999 kinamkinga gavana asishtakiwe, kwa madai wala kwa jinai, muda wote awapo madarakani. Ndiyo maana katika majimbo mengi uchaguzi wa gavana hupiganiwa kwa nguvu kuliko uchaguzi mwingine wowote, na ni nadra aliyeshindwa kukubali bila kwenda mahakamani.

Kushinda nako si suala la kuwa na kura nyingi pekee. Nchini Kenya, mgombea ugavana aliyepata kura nyingi kuliko wenzake amemaliza kazi, hata kama kura zake zote zimetoka pembe moja ya kaunti. Kifungu cha 179 cha Katiba ya Nigeria kinadai mambo mawili pale wagombea wanapokuwa wawili au zaidi: awe na kura nyingi kuliko kila mshindani, na awe amepata si chini ya robo ya kura zilizopigwa katika angalau theluthi mbili za halmashauri za jimbo. Imo ina halmashauri 27, kwa hiyo mshindi lazima afikishe robo katika halmashauri 18. Sharti hili liliwekwa ili mtu wa sehemu moja asiwatawale wengine kwa nguvu ya nyumbani kwake peke yake. Wagombea wenye nguvu wakiwa wanne, sharti hilo huwa gumu sana kulitimiza, na hapo ndipo mawakili wa walioshindwa walipoanzia.

Siasa ya Imo ina kanda tatu: Owerri, Orlu na Okigwe. Tangu utawala wa kiraia uliporejea 1999, Achike Udenwa wa Orlu alitawala miaka minane, Ikedi Ohakim wa Okigwe akatawala minne, kisha Rochas Okorocha, naye wa Orlu, akatawala minane mingine. Watu wa kanda ya Owerri, ambako ndiko makao makuu ya jimbo yaliko, waliona wamesubiri miaka ishirini. Ihedioha anatoka Mbaise, katika kanda hiyo. Alikuwa amewahi kuwa Naibu Spika wa Baraza la Wawakilishi mjini Abuja, na mwaka 2015 alishindwa na Okorocha katika uchaguzi uliolazimika kurudiwa katika baadhi ya vituo kabla ya kumpata mshindi. Kwa hiyo ushindi wake wa 2019 ulipokewa Owerri na Mbaise kama zamu iliyofika hatimaye, na hili ni lazima likumbukwe ili kuelewa kwa nini hukumu ya Januari 2020 iliumiza hivyo.

Upande wa pili, chama tawala kilikuwa kimegawanyika. Okorocha, aliyekuwa akimaliza awamu yake ya pili, alitaka arithiwe na Uche Nwosu, mkwewe na aliyekuwa mkuu wa watumishi katika ofisi yake. Uongozi wa kitaifa wa APC ulimpa tiketi Hope Uzodinma, aliyekuwa seneta wa Imo Magharibi. Nwosu akahamia Action Alliance, akaenda na sehemu kubwa ya mtandao wa gavana. Ukijumlisha kura za Nwosu na za Uzodinma unapata 286,822, zaidi ya zile za Ihedioha. Hesabu hiyo haithibitishi kwamba APC ingeshinda kama isingegawanyika, kwa kuwa wapiga kura hawahami kama mizigo, lakini inaonyesha ni kwa nini Uzodinma alitangazwa wa nne ilhali aligombea kwa tiketi ya chama kilichokuwa madarakani Abuja na Owerri kwa wakati mmoja.

Sasa tuje kwenye karatasi. Katika uchaguzi wa gavana wa Nigeria, kura huhesabiwa hadharani kituoni, na matokeo huandikwa kwenye fomu iitwayo EC8A, ambayo msimamizi wa kituo huisaini na mawakala wa vyama hupewa nakala; polisi aliyelinda kituo naye hupewa nakala. Matokeo ya vituo hujumlishwa kwenye kata kwa fomu EC8B, ya kata hujumlishwa kwenye halmashauri kwa EC8C, na ya halmashauri hujumlishwa makao makuu ya jimbo kwa EC8D, kisha mshindi hutangazwa kwa EC8E. Wakenya wanaokumbuka mabishano ya fomu 34A katika uchaguzi wa rais watautambua utaratibu huu mara moja: fomu ya kituoni ndiyo msingi, na kila fomu inayofuata ni jumla tu ya zilizo chini yake. Msingi ukikosekana, au kukiwa na nakala mbili zinazopingana, jumla zote za juu huyumba.

Fomu ya kituo hubeba pia idadi ya wapiga kura waliothibitishwa siku hiyo, yaani waliofika, wakatambuliwa kwa kadi zao na kuruhusiwa kupiga kura. Tangu 2015 INEC ilitumia mashine za kusoma kadi kwa kazi hiyo. Kulikuwa na udhaifu mmoja wa kisheria, ambao kwa maoni yangu ulichangia sana yaliyofuata: Sheria ya Uchaguzi ya 2010 ilihesabu kura kuwa zimezidi pale zilipopita idadi ya wapiga kura walioandikishwa kituoni, si idadi ya waliothibitishwa siku ya uchaguzi, na mashine zenyewe hazikuwa zimepewa nguvu kamili ndani ya sheria hiyo. Kituo chenye watu 600 kwenye daftari ambako walijitokeza 150 kingeweza kutoa kura 500 bila kuvuka mpaka huo.

Uchaguzi wa Imo ulifanyika tarehe 9 Machi, wiki moja baada ya tarehe ya awali, kwa sababu INEC ilikuwa imeahirisha pia uchaguzi wa rais wa Februari saa chache kabla ya vituo kufunguliwa. Kwa mujibu wa tume, waliothibitishwa jimbo zima walikuwa 823,743. Kura zote zilizopigwa zilikuwa 739,485, kati yake halali 714,355 na zilizoharibika 25,130. Tafadhali msomaji uzishike namba hizi, kwa kuwa zitarudi.

Uzodinma, Nwosu na Araraume wote walifungua kesi. Saa ya kesi za uchaguzi nchini Nigeria imewekwa na Katiba yenyewe, katika kifungu cha 285: malalamiko yafunguliwe ndani ya siku 21 tangu matokeo yatangazwe, mahakama maalumu ya uchaguzi iamue ndani ya siku 180, na kila rufaa imalizike ndani ya siku 60. Ukiweka tarehe za Imo juu ya saa hiyo utaona jinsi zilivyoenda: mahakama maalumu ilitoa hukumu 21 Septemba 2019, Mahakama ya Rufaa 19 Novemba, na Mahakama ya Juu 14 Januari. Mipaka hiyo iliwekwa kwa nia njema, kwa sababu miaka ya nyuma kesi ziliweza kuendelea hadi muhula unakaribia kwisha. Hata hivyo, bado inaruhusu mtu aapishwe, aunde serikali, apitishe bajeti, kisha aondolewe.

Kesi ya Nwosu ilikufa kwa njia yake. Tarehe 20 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba ugombea wake ulikuwa batili kwa sababu alikuwa amepitishwa na vyama viwili, APC na Action Alliance. Baadaye mawakili wa Ihedioha walijaribu kuitumia hukumu hiyo kudai kwamba, ikiwa Nwosu alihesabiwa kuwa mgombea wa APC, basi Uzodinma hakuwa na tiketi halali ya chama hicho. Hoja hiyo haikufika mbali.

Kesi ya Uzodinma ndiyo iliyobaki hai, na ilikuwa na miguu miwili. Wa kwanza ulikuwa ule wa robo ya kura: alidai kwamba Ihedioha hakufikisha kiwango hicho katika halmashauri 18, hivyo hakustahili kutangazwa. Wa pili, ambao ndio ulioamua mambo, ulisema kwamba matokeo ya vituo 388, ambako yeye alikuwa ameongoza kwa wingi mkubwa, yaliachwa nje wakati wa kujumlisha. Alidai kuwa vituo hivyo vilimpa kura zaidi ya 213,000. Zikiongezwa kwenye zile 96,458 alizotangaziwa, angekuwa na zaidi ya 309,000, mbele ya Ihedioha.

Alithibitishaje? Shahidi wake mkuu juu ya vituo hivyo alikuwa ofisa mwandamizi wa polisi, aliyeitwa na mahakama kwa hati ya wito, ambaye alileta nakala za fomu za matokeo zilizokuwa mikononi mwa polisi. INEC ilizikana: ilishikilia kwamba fomu hizo hazikuwa matokeo halali ya uchaguzi. Mahakama maalumu ilizikataa. Mahakama ya Rufaa, kwa majaji wanne dhidi ya mmoja, nayo ilizikataa. Sababu yao ilikuwa ya kawaida katika sheria ya ushahidi: hati inapaswa kuletwa na kuelezwa na aliyeiandaa, au na mtu aliyeshuhudia ikiandaliwa, na ofisa huyo wa polisi hakuwa msimamizi wa kituo wala wakala wa chama katika vituo hivyo 388. Kuleta fungu la karatasi mahakamani si sawa na kuthibitisha yaliyomo ndani yake.

Mahakama ya Juu, kwa jopo la majaji saba lililoongozwa na Jaji Mkuu Tanko Muhammad, iliona tofauti, na kwa sauti moja. Hukumu ilisomwa na Jaji Kudirat Kekere-Ekun. Kiini chake ni hiki: polisi ni mmoja wa wale ambao sheria inawapa nakala ya matokeo kituoni, kwa hiyo nakala zilizo mikononi mwake zina mahali pa kisheria pa kutokea. Anayesema kwamba hati imeghushiwa ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha hivyo, na njia ya kuthibitisha ni kuleta hati ya kweli ili ilinganishwe na ya uongo. INEC na Ihedioha walisema fomu hizo ni za kughushi, lakini hawakuleta fomu nyingine za vituo hivyo ambazo ndizo zingekuwa za kweli. Kwa hiyo, mahakama ilisema, kura za vituo 388 ziliachwa kimakosa, ziongezwe, na Uzodinma atangazwe mshindi aliyetimiza masharti yote ya Katiba.

Hoja hiyo si ya kipuuzi, na wanaoipinga hukumu wangeifanyia haki kama wangeanza kwa kukubali hivyo. Katika kesi ya madai, mtu akileta hati kutoka kwa mlinzi halali wa hati hiyo, na mpinzani wake akakaa kimya, mahakama haina budi kuitazama hati iliyo mbele yake. Tena swali linalomgusa kila mpiga kura linabaki: INEC ndiyo iliyowatuma wasimamizi katika vituo hivyo 388, ndiyo iliyochapisha fomu na ndiyo inayotunza nakala za kwanza. Kama uchaguzi haukufanyika huko, ilipaswa kuwa na kumbukumbu za kuuahirisha au kuufuta. Kama ulifanyika, ilipaswa kuwa na matokeo yake. Tume ya uchaguzi kushindwa kuonyesha kwa hati zake yenyewe kilichotokea katika zaidi ya kituo kimoja kati ya kila kumi vya jimbo, ambalo wakati huo lilikuwa na vituo zaidi ya 3,500, ndilo kosa ninalolisema kuwa lilitangulia yote.

Lakini hukumu ilipita pia kando ya hesabu, na hapo ndipo inaponishinda kuikubali. Kura zaidi ya 213,000 kutoka vituo 388 ni wastani wa kura kama 550 kwa kituo, kwa mgombea mmoja. Katika vituo vingine vyote vya Imo, kura za wagombea wote kwa pamoja, na zilizoharibika zikiwamo, hazifiki wastani wa 240 kwa kituo. Inawezekana kituo kimoja au kumi vikawa na msisimko wa pekee; vituo 388 kuvuka mara mbili ya wastani wa jimbo, na karibu kura zote ziende kwa mtu mmoja ambaye kwingineko alikuwa wa nne, ni jambo linalodai maelezo.

Kisha kuna zile namba za waliothibitishwa. Ukiongeza kura 213,000 kwenye 739,485 unapata zaidi ya 952,000, na waliothibitishwa jimbo zima ni 823,743. Mawakili wa Ihedioha waliisimamia hoja hii kwa nguvu: kura haziwezi kuwazidi watu waliozipiga kwa zaidi ya laki moja. Wapo wanaoitetea hukumu kwa kujibu kwamba idadi ya 823,743 ilitokana na ujumlishaji uleule ulioviacha vituo 388, kwa hiyo waliothibitishwa katika vituo hivyo hawamo ndani yake, na kulinganisha namba hizo mbili ni kulinganisha vitu visivyo vya fungu moja.

Jibu hilo lina akili, na linastahili kufuatwa hadi mwisho. Kama vituo 388 vimo ndani ya 823,743, basi nafasi iliyobaki kati ya waliothibitishwa na kura zilizopigwa ni watu 84,258 tu, na hata wote wangekuwa wametoka kwenye vituo hivyo, wasingefikia nusu ya kura alizopewa Uzodinma. Kama havimo, basi kura hizo zingeweza kusimama kwa sharti moja tu: kwamba ipo kumbukumbu nyingine ya watu waliothibitishwa katika vituo hivyo, isiyopungua kura hizo. Kwa vyovyote vile, mtu asingeweza kuamua bila kuzitazama kumbukumbu za mashine za kusoma kadi za vituo hivyo 388. Swali hilo ndilo lililopaswa kuwa katikati ya kesi. Badala yake, kesi ilijengwa juu ya nani alete karatasi gani, na katika mashindano hayo aliyekuwa na karatasi alimshinda asiyekuwa nayo. Sheria ya 2010, ambayo ilipima kuzidi kwa kura kwa daftari la walioandikishwa, iliwawezesha majaji kulipita swali hilo bila kuvunja sheria iliyoandikwa.

Ihedioha aliomba mahakama iipitie upya hukumu yake. Tarehe 3 Machi 2020, majaji sita dhidi ya mmoja walikataa, wakisema kwamba mahakama ya mwisho haikai kama mahakama ya rufaa dhidi ya nafsi yake, na kwamba uamuzi wake ukishatolewa haufunguliwi ila kwa sababu chache sana, kama kosa la uandishi. Aliyepinga peke yake alikuwa Jaji Centus Nweze. Alisema hukumu ya Januari ilikuwa na makosa yanayostahili kurekebishwa, akaona kwamba fomu zilizotegemewa hazikuwa zimethibitishwa inavyotakiwa, akaeleza kwamba Ihedioha alipaswa kurudishiwa hati yake ya ushindi, na akaonya kwamba uamuzi huo ungeendelea kuisumbua sheria ya uchaguzi ya Nigeria kwa muda mrefu. Jaji Nweze alifariki mwaka 2023. Maoni yake hayakuwa na nguvu ya kisheria, ila mtu anayetaka kuielewa kesi hii asiyasome maoni ya wengi bila kuyasoma na hayo.

Hapa inafaa nieleze kwa nini siiweki Imo kwenye kapu moja na kesi nyingine za Nigeria ambazo mara nyingi hutajwa pamoja nayo. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilimfanya Rotimi Amaechi gavana wa Rivers ingawa jina lake halikuwa limesimama siku ya uchaguzi, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyeshinda kura za mchujo za PDP na chama kilimwondoa kinyume cha sheria. Kura, mahakama ilisema, zilikuwa za chama. Mei 2019 iliamua kwamba APC haikufanya mchujo halali Zamfara, kura zake zote zikahesabiwa kuwa zimepotea, na kiti kikaenda kwa Bello Matawalle wa PDP. Februari 2020, siku moja kabla David Lyon wa APC hajaapishwa Bayelsa, ushindi wake ulifutwa kwa sababu ya kasoro katika vyeti vya mgombea mwenza wake, na Duoye Diri wa PDP akachukua nafasi. Mtu anaweza kuona hukumu hizo ni kali mno kwa wapiga kura, lakini zote zilihusu sifa za wagombea na uteuzi wa vyama. Hakuna hata moja iliyogusa idadi ya kura zilizohesabiwa. Imo ndiyo iliyobadilisha idadi yenyewe, na kwa hiyo ndiyo inayogusa moja kwa moja swali la nani alipigiwa kura na watu wangapi.

Matokeo mengine ya hukumu hayakutarajiwa na wengi wa waliopiga kura 2019. Kwa kuwa muhula wa gavana huhesabiwa tangu siku anapoapishwa, Imo iliondoka kwenye kalenda ya uchaguzi mkuu. Mfano wa awali ulikuwa wa Anambra: Peter Obi alishinda kesi ya uchaguzi wa 2003 na kuingia madarakani Machi 2006, na mwaka 2007, mtu mwingine alipokuwa tayari ameapishwa baada ya uchaguzi mkuu, Mahakama ya Juu ilimrudisha Obi amalizie miaka yake minne. Leo majimbo manane, Anambra, Bayelsa, Edo, Ekiti, Imo, Kogi, Ondo na Osun, huchagua magavana kwa tarehe zao tofauti na nchi nzima, na sababu kubwa ni hukumu za namna hii zilizotolewa mwaka hadi mwaka.

Imo ilirudi vituoni tarehe 11 Novemba 2023. INEC ilimtangaza Uzodinma mshindi katika halmashauri zote 27 kwa kura 540,308, huku Samuel Anyanwu wa PDP akipata 71,503 na Athan Achonu wa Labour Party 64,081. Wapinzani walilalamikia matokeo hayo vikali, wakaenda mahakamani, na Mahakama ya Juu ikamthibitisha gavana Agosti 2024. Mwezi huohuo Jaji Kekere-Ekun alishika nafasi ya Jaji Mkuu wa Nigeria.

Katikati ya chaguzi hizo mbili sheria ilibadilika. Tangu 2020 INEC huweka picha za fomu za vituo kwenye tovuti ambayo raia yeyote anaweza kuifungua. Sheria ya Uchaguzi ya 2022 iliipa mashine ya BVAS, inayomtambua mpiga kura kwa alama za vidole na sura, mahali ndani ya sheria, na kifungu chake cha 51 kiliondoa ule udhaifu wa 2010: chini yake kura zilihesabiwa kuwa zimezidi zilipopita idadi ya waliothibitishwa kituoni. Kama kifungu hicho kingekuwapo 2019, mawakili wa Ihedioha wangekuwa na mahali imara pa kusimama, na Uzodinma angelazimika kuonyesha watu waliokuwa nyuma ya kura zake.

Hata hivyo, kifungu kipya kilijaribiwa mara moja na kuonyesha mpaka wake. Katika jimbo la Osun, Ademola Adeleke alishinda Julai 2022 kwa kura 403,371 dhidi ya 375,027 za gavana aliyekuwapo, Gboyega Oyetola. Januari 2023 mahakama maalumu ilimvua ushindi kwa kuwa ripoti iliyotolewa na INEC kutoka kwenye kanzidata yake ilionyesha kura zilizozidi waliothibitishwa katika vituo kadhaa. INEC ikaeleza kwamba ripoti hiyo ya mwanzo ilitolewa kabla mashine zote hazijamaliza kutuma taarifa zake. Mahakama ya Rufaa iliigeuza hukumu hiyo Machi, na Mei 2023 Mahakama ya Juu ikamthibitisha Adeleke, ikisema kwamba anayedai kura zimezidi alete mashine zenyewe za BVAS za vituo anavyovilalamikia, daftari la wapiga kura na fomu za vituo hivyo, si ripoti iliyochotwa kwenye kanzidata peke yake.

Kwa mlalamikaji, sharti hilo ni zito: mashine ziko mikononi mwa INEC, anazo siku 21 tu za kufungua kesi, na mashine hizohizo husafishwa taarifa zake ili zitumike katika uchaguzi unaofuata. Tukiisoma Osun kando ya Imo, tunaona kwamba mwaka 2020 fomu zilizoletwa na polisi zilitosha kuongeza kura zaidi ya laki mbili, na mwaka 2023 ripoti ya tume yenyewe haikutosha kupunguza kura hata moja. Kila moja ya hukumu hizo ina hoja yake ya kisheria, lakini hakuna hata moja iliyoweka kanuni inayoilazimu INEC, pale kituo kinapobishaniwa, ilete mahakamani kumbukumbu zake zote za kituo hicho bila kusubiri mlalamikaji azitafute.